Kuhesabu Kurudi Nyuma

Kwetu mtu hahesabu kurudi nyuma ili apande mbegu. Mama yangu, kule Morogoro, alikuwa akitoka nje asubuhi, anaangalia mlima, anavuta hewa puani, kisha anasema, "Kesho kutwa." Mvua ikishuka anasia ngogwe kwenye kitalu nyuma ya jiko, mvua ikichelewa, naye anachelewa. Nilikua nikiamini kwamba mwaka ni kitu kinachokufuata chenyewe hadi mlangoni, miguu ikiwa imelowa.

Huku ughaibuni, Saint Paul, nilijifunza hesabu nyingine. Unachukua siku ambayo baridi ya kuua mimea inatarajiwa kukata roho, mahali fulani katikati ya Mei, kisha unahesabu kurudi nyuma. Nyanya zinataka wiki sita ndani ya nyumba. Maboga wiki tatu zinatosha, maana boga halipendi kuhamishwa likishazoea mahali. Ngogwe, zile nyanya chungu ndogo za kwetu, zina uvivu wa kuota na zinaogopa baridi kuliko mimi. Zenyewe zinataka wiki nane, hata kumi. Ukimaliza hesabu unajikuta umesimama katikati ya Machi, theluji imefika usawa wa dirisha, na unatakiwa ufukie mbegu kwenye vikopo kwa ajili ya siku ambayo haijafika na ambayo hakuna aliyekuahidi kwamba itafika. Nimeishi hapa miaka kumi na minne, nachora mabomba ya maji kwenye ofisi moja ya mjini, na bado jambo hilo naliona la ajabu.

Mbegu zenyewe sikuja nazo. Nilizikuta University Avenue, upande wa Frogtown, kwenye meza ya bibi mmoja wa Kihmong, mhamiaji kama mimi, aliyekuwa akiuza mboga. Katikati ya mabilinganya na pilipili zake kulikuwa na fungu la ngogwe, nyeupe, zimeiva mpaka zinaanza kugeuka njano. Nilipiga kelele. Nilisema "Ngogwe!" kwa sauti ambayo haifai kutumiwa na mtu mzima barabarani, na yule bibi, ambaye mimi naye hatukuwa na lugha hata moja ya kuelewana, akacheka mpaka akashika meza. Nilinunua zote. Moja niliiacha dirishani ioze, nikaosha mbegu zake, nikazikausha juu ya gazeti.

Mke wangu alizitazama zile zilizobaki akaniuliza, "Na hizi ni nini? Mayai ya kuku mgonjwa?" Yeye ni Mkenya, kutoka magharibi, muuguzi katika hospitali moja ya Maplewood, na kwake mboga ni managu, mengine ni mapambo. Nilipompikia na karanga alikula zote. Kisha akasema zinavumilika. Kutoka kwake, hiyo ni sifa kubwa.

Tuna chumba kidogo ghorofani, dirisha lake linatazama kusini. Mwanga wa Machi unaingia humo umeshapita juu ya theluji ya paa la jirani, kwa hiyo unafika mweupe na mpole, na ukisimama katikati ya chumba unahisi kama umo ndani ya yai. Mwaka juzi nilipanga trei zangu kwenye dirisha hilo. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minne, ya kwanza. Kwenye kalenda ya jikoni nilichukua kalamu ya kijani nikaandika, katikati ya Mei, "ngogwe nje." Nikafunua kurasa mpaka Agosti, nikachora duara, nikaandika, "mgeni." Kisha nikahesabu kurudi nyuma kutoka kwenye yote mawili, wiki kwa wiki, na kila Jumamosi nilikuwa nafuta wiki moja huku na moja kule, kwa kalamu ileile. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilimwambia mama kwenye simu.

"Umeandika?" mama akauliza. "Mwanangu, mtoto haandikwi kabla hajafika. Hata nguo hashonewi."

Nilimcheka. Nilimwambia huku mambo ni tofauti, huku watu wanafanya sherehe kabisa, wanapewa vitanda na vigari mtoto akiwa bado tumboni.

"Haya," akasema. "Nimesema tu."

Aprili, wiki ambayo barafu ilikuwa ikiondoka kwenye maziwa, tulimpoteza yule mtoto. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mlango wa chumba kidogo ulifungwa na hakuna aliyeufungua. Nilipoufungua Juni, ile miche ilikuwa imekauka imeegemea kioo, mirefu, myembamba, yote imelala upande mmoja ilikokuwa ikitafuta jua. Nilishuka jikoni nikaitoa kalenda ukutani.

Najua kalamu haiui mtoto. Mke wangu, ambaye anajua mambo haya kwa kazi na sasa kwa mwili wake, aliniambia hivyo zaidi ya mara moja, na alikuwa akiniambia huku akilia yeye. Lakini kujua ni jambo moja, na mkono ulioshika kalamu unabaki kuwa wako. Nilijilaumu na nikaona aibu kujilaumu.

Mwaka jana, mwanzoni mwa Februari, alikuwa na mimba tena, ya miezi mitano, tumbo limeanza kuonekana. Alinikuta jikoni nimeshika chupa ya mbegu. Sikuwa nafanya chochote, nilikuwa naitikisa tu nisikie mlio wake. Akaichukua mkononi mwangu taratibu, akairudisha kabatini.

"Mwaka huu hakuna mbegu," akasema. "Na kile chumba kikae vile kiko. Sitaki kitu ya kungojea kwa hii nyumba. Tafadhali."

"Sawa," nikasema.

Ndivyo tulivyoishi msimu ule wa baridi. Ukutani hapakuwa na kalenda. Tulikwenda kwenye harusi ya Watanzania wenzangu kule Inver Grove Heights, na akina mama walipomuuliza anatarajia lini, akajibu, "Tukijaliwa," akageukia pilau lake. Nyumbani tulizungumza juu ya barabara, juu ya gari kukataa kuwaka, juu ya chumvi ya kuyeyushia barafu kwenye viatu. Mtoto tulimzunguka kama watu wanavyomzunguka mtu aliyelala sebuleni.

Siku ya kipimo cha picha ya tumbo tulikwenda pamoja. Msichana aliyetupima alikuwa mchangamfu, na alitaka tuone kila kitu. "Huu hapa moyo," akasema, na akanyoosha kidole chake kwenye kioo, kirefu, chenye kucha ya waridi. "Huu mguu." Kidole kikaenda huku na huku. Niliona mabega ya mke wangu yanapanda. Nikaelewa mara moja, kwa sababu yangu pia yalikuwa yamepanda. Kwetu na kwao, uwe mtoto wa namna gani, unafundishwa kwamba boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea, litaoza likiwa kwenye shina lake. Ukitaka kumwonyesha mtu, unakunja ngumi unaelekeza kwa ngumi. Nilifinywa masikio kwa ajili ya hilo. Na sasa tulikuwa tumekaa pale, mhandisi na muuguzi, watu wazima, tunatamani kumwomba binti wa watu akunje kidole. Nilitazama chini nikaona mke wangu amekunja ngumi mapajani, kana kwamba anamkunjia.

Ndani ya gari aliweka mkono wake juu ya wangu mpaka tulipofika.

Machi ikaingia. Sikuwa na kalenda lakini hesabu haihitaji ukuta. Nikiosha vyombo nahesabu. Nikichora bomba nahesabu. Jumapili moja mchana nilisinzia kwenye kiti na nikaota mama yuko bustanini kwake, theluji inashuka juu ya ngogwe, naye anazikung'uta moja moja na upindo wa khanga bila wasiwasi wowote, ananiambia, "Zinangoja, lakini hazingoji sana." Niliamka shavu limelowa. Nje mwanga ulikuwa wa rangi ya maziwa, na matone yalikuwa yanaanza kudondoka kutoka kwenye barafu ya paa.

Nikajiona niko njia panda. Nikisia, nimevunja neno nililompa mke wangu, na nimefanya tena kile nilichofanya mwaka uliotangulia. Nisiposia, nitakuwa nimesema, kwa mikono yangu, kwamba siamini kutakuwa na Mei, na mtoto nitakuwa nimemkatia tamaa kabla hata hajajaribu kuja. Ngogwe zikishapita wiki ya tatu ya Machi hazina maana. Utasia, zitaota, na zitatoa maua theluji ikiwa inarudi. Kwa hiyo sikuwa na nafasi ya kuahirisha. Sikuwa jasiri. Niliogopa kutosia kuliko nilivyoogopa kusia, basi.

Chini ya nyumba yetu kuna besimenti, chumba cha chini ya ardhi chenye tanuri la kupashia nyumba joto na mashine ya kufulia. Ngazi zake ni kali na mke wangu alikuwa ameacha kuzishuka. Nikachukua vikopo kumi na viwili vya mtindi, nikavitoboa, nikavijaza udongo, nikavipanga juu ya meza kuukuu karibu na tanuri, nyuma ya masanduku ya nguo za kiangazi. Juu yake nikaning'iniza taa ndefu kwa mnyororo. Mbegu mbili kila kikopo. Nilipomaliza niliketi kwenye ndoo nikasikiliza tanuri likivuma, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi nilihisi niko mahali pangu.

Baada ya hapo nikawa mfuaji hodari. Kila asubuhi mke wangu akiondoka saa kumi na mbili kwenda kazini, nami nashuka. Jioni nashuka tena. Nilifua taulo safi. Nilifua mapazia.

"Wewe umeanza kupenda laundry lini?" aliniuliza. "Ama umeficha mwanamke huko chini?"

"Nakusaidia, mke wangu."

"Hii soksi nimeivaa lisaa limoja tu."

Siku ya kumi na tatu zikaota. Si zote, nane. Vijani viwili viwili, vimeinamisha vichwa, bado vimevaa ganda la mbegu. Nilipiga magoti kwenye saruji nikavitazama mpaka nikachelewa ofisini. Nilitaka kumwambia mtu. Mtu pekee niliyetaka kumwambia alikuwa ndiye niliyemficha.

Katikati ya Aprili ofisi ikanituma Duluth, mji wa ziwani, siku tatu. Nilimwagilia maji mengi nikaondoka na moyo mzito, maana karibu na tanuri udongo unakauka kwa siku moja. Kule ziwani upepo ulikuwa mkali, na kila nilipofumba macho niliona ile miche ya mwaka juzi imeegemea kioo. Niliporudi sikuvua hata koti. Nikashuka na kikapu cha nguo mkononi, nikajiandaa kuona nitakachokiona.

Udongo ulikuwa na unyevu. Si wa siku tatu; wa asubuhi ile. Miche ilikuwa imesimama. Na taa, ambayo nilikuwa nimeiacha chini na sasa ingekuwa inaunguza majani, ilikuwa imepandishwa. Mnyororo wangu ulikuwa mrefu mno, hivyo mtu alikuwa ameukunja na kuufunga kwa plasta nyeupe ya hospitali, imezungushwa mara nne, nadhifu, kwa namna ya mtu anayefunga vidonda kwa kazi.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na ngazi kumi na moja tu. Nilikaa kwenye ndoo. Nilimfikiria akishuka zile ngazi, mkono mmoja ukutani, mwingine chini ya tumbo, na kopo la maji limebanwa kwapani. Hofu na furaha zikanijia pamoja.

Sikumwambia kitu. Naye hakuniambia. Nilipopanda alikuwa anakatakata vitunguu, akaniuliza kama Duluth kulikuwa na theluji, nikasema ilikuwepo. Tangu siku ile tukawa tunalea pamoja bila kukiri. Nikishuka nakuta vikopo vimegeuzwa ili shina lisipinde. Mimi nikaongeza mbolea kidogo. Kesho yake nikakuta majani yamefutwa vumbi. Nikaweka kiti pale, chenye mgongo, badala ya ndoo. Siku iliyofuata kilikuwa na mto. Nikafunga kamba imara pembeni ya ngazi, ya kushikia. Wiki nzima tulizungumza juu ya bei ya matairi, na yale tuliyokuwa tukiambiana kweli yalikuwa chini ya sakafu.

Kisha asubuhi moja katikati ya Mei, Jumamosi, nikashuka nikakuta meza tupu.

Taa ilikuwa imezimwa. Hata kikopo kimoja hakikuwepo. Nilifikiri: imetokea tena, na safari hii ameamua kutupa kila kitu kabla sijaamka. Sijui nilipandaje. Chumba cha kulala hakikuwa na mtu. Bafu halikuwa na mtu. Mlango wa chumba kidogo ulikuwa wazi.

Alikuwa ameketi sakafuni kwenye mwanga, amenyoosha miguu, nguo za kulalia bado mwilini. Miche yangu minane ilikuwa imepangwa kwenye dirisha la kusini, majani mapana, ya kijani kizito. Alikuwa anahema.

"Umezibeba mwenyewe?" nikauliza. "Zile ngazi?"

"Mbili mbili. Na kamba yako nimeishika." Akanitazama. "Huko chini hazina jua. Nimechoka kuzionea huruma."

"Ulijua lini?"

"Siku ya kwanza. Mwanaume hawezi kupenda kufua ghafla hivyo. Nilikuwa nangoja uniambie, mpaka ukaenda Duluth ukaziacha na kiu." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilishuka nizitupe, unajua. Nilienda na mfuko wa taka. Halafu nikaona zimeinamia upande wa ile taa mbaya yako, zinajaribu tu. Sikuweza."

Nikaketi karibu naye. Hatukuwa tumeketi katika chumba kile tangu mwaka juzi. Akakunja ngumi, akaielekeza kwenye kikopo cha tatu.

"Ona hiyo. Iko karibu kutoa ua."

Kweli, kwenye kikwapa cha jani kulikuwa na kichwa kidogo cha zambarau. Nikakunja ngumi yangu nikaelekeza kikopo cha sita, nacho kilikuwa nacho. Akaishusha ngumi yake akailaza juu ya tumbo, akaiacha hapo.

"Wiki thelathini na saba," akasema. "Zimebaki tatu."

Ilikuwa mara ya kwanza namba kutajwa ndani ya nyumba ile. Nililia, sitasingizia mafua. Yeye hakulia. Aliniambia nikachemshe chai.

Tulizipanda nje mwishoni mwa Mei, mimi nikichimba, yeye akiwa kwenye kiti anatoa amri. Mtoto alikuja Juni, siku mbili kabla ya tarehe ambayo hatukuwa tumeiandika popote. Msichana, mwenye mapafu ya kupiga kelele. Agosti nilimwonyesha mama kwenye simu bakuli la ngogwe na mjukuu wake ubavuni. Mama alimtazama mjukuu kwa muda mrefu, kisha akasema ngogwe nimezichuma zimekomaa mno.

Mwaka huu chumba kidogo kimejaa. Kuna kitanda, kuna nepi, kuna dubu wa kuchezea ambaye sikumnunua mimi. Machi ilipofika nilikuwa nimesimama jikoni najiulizauliza, mke wangu akapita na mtoto kiunoni akasema, "Si ni hii wiki? Ama unangoja nikufulie nguo kwanza?" Alikuwa ameninunulia kalenda. Tukasia wote, besimenti, taa ikiwa imening'inia kwa plasta ileile, na zilipoota tukazipandisha juu, tukazibana kwenye dirisha la kusini pembeni ya kitanda.

Jumapili iliyopita mtoto aliamka tukiwa wote wawili mle chumbani. Ana miezi kumi, na amegundua kidole. Ananyooshea taa, ananyooshea paka wa jirani, ananyooshea kinywa changu nikisema. Alisimama ameshika ukingo wa kitanda, akaiona ile miche kwenye mwanga, ndiyo kwanza imetoka ardhini, laini, bado imevaa maganda. Akanyoosha mkono, akatoa kidole chake kifupi kilicholowa mate, akakielekeza moja kwa moja kwenye kikopo cha kwanza. Kisha cha pili.

Mkono wa mke wangu ulienda haraka. Nilifikiri nitauona unakifunika kile kidole na kukikunja, na wangu ulikuwa tayari njiani. Ulipokifikia, akasita. Akanitazama, nami nikamtazama. Mtoto alikuwa akituonyesha cha tatu.

"Mwache," akasema. Tukakaa kitako kwenye zulia, naye akaendelea kuzionyesha, moja moja, mpaka akafika mwisho wa dirisha.